Kapil Dev na Imran Khan: Nani Zaidi?

Nimesikia vijana wengi wakibishana juu ya mabingwa hawa wawili wa kriketi, Kapil Dev wa India na Imran Khan wa Pakistan, na kila mtu humtetea ampendaye. Mimi naona yafaa tuwapime kwa hesabu kwanza, kisha kwa fikira.

Wote wawili walikuwa hodari wa kupiga na wa kurusha pia, jambo lililo adimu. Tena kila mmoja aliiongoza nchi yake kutwaa Kombe la Dunia: Kapil mwaka 1983, Imran mwaka 1992.

Katika Testi, yaani michezo ya siku nyingi baina ya mataifa, Kapil alicheza mara 131, akapata mikimbio 5,248 na kuwatoa wapigaji 434. Imran alicheza mara 88, akapata mikimbio 3,807 na kuwatoa 362. Mwenye haraka atasema Kapil ameshinda. Lakini mkulima hasifiwi kwa wingi wa magunia tu. Huulizwa pia shamba lake ni eka ngapi. Basi tugawanye. Kila mpigaji aliyetolewa na Kapil alimgharimu mikimbio 29.64; kwa Imran ni 22.81, na hapa kidogo ndicho bora. Katika kupiga, wastani wa Kapil ni 31.05, wa Imran ni 37.69. Kwa wastani Imran yuko mbele pande zote mbili.

Je, neno limekwisha? La. Wastani hauonyeshi uvumilivu. Kapil, ingawa alikuwa mrushaji wa kasi, hakukosa Testi hata moja kwa sababu ya kuumia. Imran aliumia mfupa wa muundi, hata katika Kombe la 1983 akacheza bila kurusha mpira. Katika Kombe lilo hilo, huko Tunbridge Wells, India ilikwisha kupoteza wapigaji 5 kwa mikimbio 17 mbele ya Zimbabwe. Kapil akapiga 175 bila kutolewa, na India ikashinda. Siku hiyo haimo katika hesabu za Testi nilizozitaja.

Basi, nikiulizwa nani alikuwa na ustadi zaidi, nasema Imran. Nikiulizwa nani wa kutegemewa kila siku, nasema Kapil. Hayo ni maswali mawili, na wabishi wengi huyachanganya. Kabla ya kubishana, tupatane kwanza juu ya swali.