Kusoma na kuandika kuanzie nyumbani

WAZAZI wengi mijini tumezoea kuigawa elimu ya mtoto mafungu mawili. Asubuhi mtoto ni wa mwalimu wa shule, jioni ni wa ustadhi wa madrasa. Sisi kazi yetu ni ada, sare na nauli. Mtoto akifika darasa la tatu hawezi kusoma barua fupi, ndipo tunahangaika kutafuta tuisheni.

Ndugu msomaji, sira inatueleza kuwa baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, wapo mateka wa Makka waliojua kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikomboa. Fidia yao ikawa kuwafundisha watoto wa Answari kuandika. Ikiwa elimu ya mtoto ilithaminiwa kiasi hicho, mzazi wa leo anakosaje robo saa kwa siku?

Ni kweli kuwa mtaala wa Tanzania wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili uliweka mkazo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kila siku. Mzazi anaweza. Afanye hivi:

Kwanza, aanze na masikio. Mtoto wa miaka minne atajiwe neno, apige kofi kwa kila silabi: ba-ba makofi mawili, m-to-to makofi matatu. Aulizwe "kuku" inaanza na sauti gani. Hadithi na vitendawili vya usiku pia ni somo.

Pili, afuatishe silabi. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akizijua hizo pamoja na m, b, t na k, tayari anasoma mama, baba, kiti, mkate na kitabu. Sauti za ch, ny na ng' zisubiri. Hata kama shule yake inafundisha kwa Kiingereza, aanzie na lugha anayoisema nyumbani. Akishajua kuunganisha sauti, ujuzi huo atahama nao.

Tatu, tuchunge kukariri. Wapo watoto wanaosoma Alhamdu bila kukosea, lakini ukiwaonyesha herufi moja katikati ya juzuu hawaitambui. Na kitabu cha shule ni hivyo hivyo. Funika picha, mwanzishie katikati ya ukurasa. Akikwama, ujue alikuwa amekariri. Rudini kwenye silabi, bila fimbo wala matusi. Mtoto anayechapwa kwa ajili ya kitabu hukichukia kitabu.

Nne, mkono uandaliwe. Kabla ya penseli, achambue mchele, afinyange unga, achore mchangani. Neno la kwanza kuandika liwe jina lake. Akigeuza b ikawa d, usipige kelele, mwanzoni ni kawaida. Tukumbuke pia kuwa madrasa anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na shule kinyume chake. Mpe madaftari mawili tofauti, na uweke nukta pale mstari unapoanzia.

Tano, maandishi yawe na kazi. Aandike orodha ya sokoni, asome paketi ya majani ya chai, bango la barabarani, kichwa cha habari cha gazeti hili.

Na mama au bibi asiyejua kusoma asijitoe. Akae, asikilize mtoto anavyosoma, kisha amwulize: "Hapo wamesema nini?" Swali hilo linamfundisha mtoto kuwa kusoma ni kuelewa, si kutamka tu.

Tunatumia saa nzima mbele ya televisheni na simu. Robo saa baada ya Magharibi, kila siku, haitatufilisi. Mwalimu na ustadhi ni wasaidizi wetu, amana ni yetu. Shime wazazi, tuanze leo.

Wabillahi tawfiq.