Ukipanda Lushoto, Usiishie Irente

Wageni wengi wa Lushoto hufanya safari ya aina moja. Wanapanda kutoka Mombo asubuhi, wanapiga picha kwenye jabali la Irente, wanakula mkate na jibini, kisha wanashuka kabla ya giza kuingia. Si safari mbaya, lakini anayeishia hapo ameona baraza ya nyumba na ndani hajaingia.

Lushoto ni mji wa wilaya mkoani Tanga, katika milima ya Usambara Magharibi, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Dar es Salaam unapita Chalinze, Segera na Korogwe. Ukitoka Arusha au Moshi unapita Same. Njia zote mbili zinakukutanisha na Mombo, mahali pa joto na mashamba ya mkonge, na hapo ndipo unapoiacha barabara kuu. Zinabaki kilomita kama 33 za lami nyembamba inayopanda kandokando ya korongo, kona juu ya kona. Mwenye kichefuchefu akae mbele. Ukifika Soni, kama nusu ya njia, fungua dirisha: maporomoko ya maji yanaonekana ukiwa barabarani, na hewa imekwisha badilika. Zipo basi za moja kwa moja kutoka Dar, na wanaoshukia Mombo hupata haisi au Noah za kupandia.

Kabla Wajerumani hawajauita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la Kaizari wao, milima hii ilikuwa na mfalme wake. Masimulizi ya Wasambaa yanamtaja Mbegha, mwindaji kutoka Unguu aliyeogopwa kwao kwa kuwa alizaliwa kigego. Aliwaua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, akagawa nyama, akaamua mashauri, na mwishowe wenyeji wakampa utawala, makao yake yakiwa Vugha. Hiyo ilikuwa karne ya 18. Kizazi chake, Wakilindi, kilifika kileleni chini ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye nguvu zake ziliteremka hadi pwani na kukutana na zile za Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Krapf alimtembelea Vugha mwaka 1848. Kimweri alipofariki mwaka 1862, wanawe na wajukuu walipigania kiti, na Semboja, aliyekaa chini Mazinde kwenye njia ya misafara, akapata bunduki na sauti kuliko waliobaki mlimani. Anayetaka habari hizi kwa undani asitafute kitabu cha Kizungu kwanza. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, aliyeishi karibu na watawala hao, aliziandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi.

Wajerumani walipofika hawakuukuta mlima mtupu, basi. Mwaka 1895 walimnyonga mtawala wa Vugha, Mputa. Mwaka uliofuata walianzisha shamba la majaribio huko Kwai, na Wilhelmstal ikakua kuwa makao ya utawala na mahali pa kukimbia joto na homa za pwani. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilipita chini ya milima, na magogo ya mwangati kutoka msitu wa Shume yaliteremshwa hadi Mkumbara kwa kamba za chuma zilizotandwa hewani. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, nao wakapapenda kwa sababu ile ile ya baridi.

Waingereza waliacha kumbukumbu nyingine isiyoandikwa kwenye kibao chochote cha watalii. Kuanzia mwaka 1946, hasa katika bonde la Mlalo, waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana. Watu wakakataa, na katika miaka ya 1950 mpango ukafa. Kuanzia miaka ya 1980 elimu ya kuhifadhi udongo ilirudi kwa njia ya kushauriana, na matokeo yake utayaona ukitembea. Angalia shamba lolote la mteremkoni: mistari ya nyasi za Guatemala imepandwa kukingama mlima, ikishika udongo, na asubuhi utamkuta mtu amebeba mzigo wake kichwani akimpelekea ng'ombe aliyefungiwa bandani. Kati ya mistari hiyo kuna kabichi, karoti, hoho na viazi vitakavyouzwa Tanga na Dar es Salaam. Kwangu mimi mandhari hii inaizidi ile ya Irente, maana imetengenezwa kwa mikono.

Hata hivyo Irente nenda. Ni kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini, kwa miguu au kwa bodaboda, na ukingo wa jabali unatazama tambarare za Mazinde na Mombo, karibu mita 1,000 chini. Hakuna ukuta wa kukuzuia, kwa hiyo mshike mtoto mkono. Asubuhi ukungu unaweza kufunika kila kitu. Alasiri huwa bora. Jirani kuna shamba la Kanisa la Kilutheri linalouza jibini, jamu na mkate wake lenyewe.

Siku ya pili iwe ya msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia iliyo juu ya mji. Humo kuna mbega weupe kwa weusi, vinyonga na ndege wasiopatikana nje ya milima hii. Kiingilio hulipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na mwongoza njia wa hapo hapo ni lazima kwa asiyeyajua mapito. Mpatane bei na saa za kurudi kabla ya kuondoka, na uulize kama ada ya msitu imo ndani ya bei hiyo. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa wageni na waongozaji huanzia.

Mwenye siku ya tatu aende Mtae, kama kilomita 60 kaskazini, kijiji kilichokaa kwenye mgongo wa mlima huku mabonde yakiporomoka pande zote mbili. Chini yake ni Mkomazi na vilima vya upande wa Kenya. Barabara ni ya vumbi, na mvua ikinyesha huwa ya matope. Usipange kwenda na kurudi siku moja. Anayependa historia ageuke kusini, Vugha na Bumbuli.

Ua la urujuani la Usambara, linalopandwa kwenye vyungu Ulaya nzima, lilitoka milima hii. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia. Huota porini kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, hasa Usambara Mashariki, ambako njia yake ni Muheza na Amani, si Lushoto. Ukilikuta usiling'oe.

Juni na Julai ni baridi kweli. Sweta moja halitoshi usiku. Masika, Machi hadi Mei, barabara za vijijini huteleza na maporomoko ya udongo hufunga njia. Plamsi huanza kujaa sokoni karibu na Desemba. Siku za gulio hutofautiana mji na mji, kwa hiyo waulize wenyeji wako. Na kwa kuwa basi za Dar huondoka alfajiri, kata tiketi ya kurudi jioni ya kuamkia safari, uweke na shuka karibu: kituoni saa kumi na moja kuna baridi kuliko Irente.