Dondoo muhimu: jino likiuma usiku Mbesa

Tuanze na kinga: mwarobaini wa uani asili yake ni Bara Hindi, ambako waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, wametumia vijiti vyake kusafishia meno tangu kale. Kata kijiti kibichi, kioshe, tafuna ncha mpaka iwe nyuzinyuzi, kisha sugua taratibu bila kuchubua ufizi. Lakini hakina floridi. Dawa ya meno ya asubuhi na ya kabla ya kulala usiiache.

Jino likianza kuuma, sukutua kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, uteme. Karafuu moja ukiibana karibu na jino hutia ganzi kwa muda. Mafuta yake ni makali, huunguza ufizi, na mtoto mdogo asipewe kabisa. Aspirini nayo usiiweke kwenye ufizi, huubabua.

Ayurveda husema maradhi huja mizani ya nguvu tatu za mwili, yaani vata, pitta na kapha, inapopotea. Sawa, ila tundu la jino halizibwi kwa karafuu. Shavu likivimba, homa ikipanda au kinywa kikigoma kufunguka, nenda Hospitali ya Misheni ya Mbesa siku hiyohiyo.