Nywele nyepesi zenye mafuta, na mzio wa shampuu

SWALI: Nywele zangu ni nyembamba, ndefu hadi kiunoni, na siku moja tu baada ya kuosha zinajaa mafuta. Daktari wa ngozi amenipima, akasema nina mzio wa cocamidopropyl betaine. Nioshe na nini? Je, niache na nazi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Pole sana, dada. Kiungo hicho hutengenezwa kwa mafuta ya nazi, lakini kinachosumbua ngozi mara nyingi ni mabaki ya kemikali za kiwandani, si nazi yenyewe. Wali wa nazi endelea kula.

Kiungo hiki huongeza povu na kupunguza ukali wa sabuni, kwa hiyo kimo hata katika shampuu nyingi za watoto. Usitegemee maneno “ya asili” mbele ya chupa. Igeuze usome orodha ya viungo. Kagua pia sabuni ya maji ya kunawia na dawa ya meno.

Chagua shampuu yenye sodium laureth sulfate isiyo na kiungo hicho. Hukata mafuta vizuri. Osha kila baada ya siku moja, hata kila siku ukihitaji. Sugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole. Povu linaloteremka linatosha kusafisha urefu wote. Kondishena ianzie usawa wa masikio kwenda chini, na kichwani usipake mafuta.

Kope zikivimba au shingo ikiwasha baada ya kuosha, acha bidhaa hiyo mara moja, na umpelekee daktari chupa yake.