Somo: Siku Moja Matema

Matema ni kijiji cha Wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Kutoka Kyela mjini tunapitia Ipinda. Tukifika tunaona mchanga mrefu, na Milima ya Livingstone karibu na maji.

Twende Jumamosi. Siku hiyo kuna soko la vyungu Lyulilo, jirani na Matema. Wanaofinyanga ni akina mama Wakisi wa Ikombe. Kabla ya kununua, tugonge chungu kwa kidole. Kikilia vizuri, ni kizima. Sauti ikiwa nzito, kina ufa.

Sasa kuoga. Ziwa hili si kidimbwi: kina chake kinafika mita 700 hivi. Tuwaulize wenyeji, wapi panaogwa? Tusioge mto unapoingia ziwani, kuna mamba. Penye majani na konokono tuogope kichocho. Watoto tusiwaache peke yao. Wavuvi wakiogopa upepo, nasi tutoke majini.

Baada ya wiki kadhaa ukiona damu kwenye mkojo, usione haya. Nenda zahanati, kichocho kina dawa.

Maswali
1. Chungu chenye ufa tunakijuaje?
2. Wapi tusioge? Kwa nini?