UA LA VANILA HALINGOJI KESHO

Vanila ni zao la mkoa wa Kagera. Ni wa ukoo wa okidi, yale maua ya urembo yauzwayo mijini. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu. Mchana linanyauka. Usipolichavusha, hupati tunda wala pesa.

Nyuki wetu hawaiwezi kazi hii. Ni ya mkono wako. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alionyesha njia tunayoifuata mpaka leo.

Fanya hivi:

1. Wahi shambani asubuhi.

2. Shika ua. Pasua mdomo wake kidogo kwa kijiti laini.

3. Ndani mna kijilimi. Kiinue kwa kijiti.

4. Kwa kidole gumba, bonyeza chavua, yaani ule unga wa manjano ulioshikamana, iguse sehemu ya kike chini ya kijilimi.

Katika kila kichala, maua 8 au 10 yanatosha. Ukizidisha, mmea unachoka.

Subiri miezi 9 hivi. Usichume mabichi kwa kuogopa wezi. Hayanukii vizuri, na bei inashuka.

MASWALI

1. Ua la vanila hudumu kwa muda gani?

2. Kwa nini tusichavushe maua yote?

3. Jadilini: tutalindaje vanila mpaka ikomae?