SOMO LA LEO: KUTUNZA UFUNGUO WA FEDHA ZA MTANDAO

Leo tunajifunza juu ya fedha za mtandao, yaani fedha zisizo na noti wala sarafu ya kushika mkononi. Zilizo maarufu zaidi ni Bitcoin, zilizoanza mwaka 2009. Pengine kijana wako aliye mjini anazo, au wewe umelipwa kwa njia hiyo. Somo hili halikuambii ununue. Bei yake hupanda na kushuka sana. Tena mwaka 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba si fedha halali nchini, kwa hiyo ulizia kwanza sheria ilivyo sasa. Lakini aliye nazo tayari hana budi ajue kuzitunza.

FEDHA HIZO ZIKO WAPI?

Wengi hudhani zimo ndani ya simu au kompyuta. Sivyo. Zimeandikwa katika daftari moja kubwa la hesabu, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani. Kulisoma, kila mtu aweza. Lakini kuhamisha fedha kunataka ufunguo wa siri. Ufunguo huo si wa chuma. Ni namba ndefu sana. Aliye na ufunguo ndiye mwenye fedha.

Hapo ndipo zinapotofautiana na fedha za simu. Laini yako ikipotea, unakwenda kwa kampuni ya simu na kitambulisho, unapewa laini nyingine, na fedha zako unazikuta. Huku hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Mwaka 2013 diski ya kompyuta ya mtu mmoja wa Newport, nchini Wales, ilitupwa jalalani. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa Bitcoin zipatazo 8,000. Aliomba miaka mingi aruhusiwe kulichimbua jalala. Januari 2025 mahakama ikaitupa kesi yake. Daftarini fedha zinaonekana, lakini hazigusiki.

Je, tumwachie mtu mwingine ufunguo? Wengine walifanya hivyo. Waliweka kwa kampuni ya Mt. Gox ya Tokyo, nayo ikafilisika mwaka 2014.

KIFAA CHA KUTUNZIA UFUNGUO

Kwa sababu hiyo vilitengenezwa vifaa vidogo, ukubwa wake kama flashi au kiberiti. Trezor, kinachotengenezwa Jamhuri ya Cheki, kilianza kuuzwa mwaka 2014. Kingine ni Ledger cha Ufaransa. Kazi yake ni moja: kuuficha ufunguo usiingie kwenye intaneti. Ukitaka kutuma fedha, kompyuta hupeleka ombi kwenye kifaa. Kifaa hutia sahihi humo humo ndani, kikatoa sahihi tu. Hata kompyuta ikiwa na programu ya wezi, ufunguo hautoki.

HATUA ZA KUFUATA

1. Nunua kwa mtengenezaji au wakala wake anayejulikana. Kilichokwisha tumika usinunue, hata kikiwa rahisi. Mwaka 2020 wezi waliiba majina na anwani za wateja wa Ledger. Mwaka 2021 baadhi ya wateja hao wakaletewa kwa posta vifaa vya bandia.

2. Pata programu yake kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Unganisha kifaa kwa waya, na iache programu ikague kama ni halisi.

3. Chagua namba ya siri. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Kifaa cha Ledger hujifuta chenyewe ukikosea mara 3.

4. Andika maneno. Hii ndiyo hatua kubwa. Kifaa kitakuonyesha kwenye kioo chake maneno, mara nyingi 12 au 24. Hayo maneno ndiyo ufunguo wenyewe, ila umeandikwa kwa namna ambayo binadamu anaweza kuisoma. Kwa kawaida huwa ya Kiingereza, yanatoka katika orodha ya maneno 2,048. Si lazima ujue maana yake. Lazima herufi ziwe sawa na mpangilio uwe ule ule. Andika kwa kalamu, kwenye karatasi, kila neno na namba yake. Usipige picha. Usiyaweke kwenye simu wala kompyuta. Na kama kifaa kimekuja na maneno yaliyokwisha andikwa, huo ni mtego: aliyeyaandika anangoja uweke fedha achukue.

5. Jaribu kabla ya kuamini. Tuma kwanza kiasi kidogo. Hakikisha anwani iliyo kwenye kompyuta ni sawa na ile iliyo kwenye kioo cha kifaa. Kisha kifute kifaa chote, uyaingize tena maneno kutoka kwenye karatasi yako. Fedha zikionekana, umeandika sawasawa. Zisipoonekana, umepoteza kidogo tu. Sasa weka zilizobaki.

6. Tunza karatasi. Fanya nakala mbili, mahali mbalimbali. Kumbuka mchwa, panya, mvua na moto. Wengine huyachonga maneno kwenye kipande cha chuma. Mwambie mtu mmoja unayemwamini mahali zilipo, maana ukifa na siri yako, watoto hawatarithi kitu.

JE, KIFAA KIKIIBWA?

Usihangaike sana. Nunua kingine, ingiza maneno yako, uhamishe fedha kwenye ufunguo mpya. Mwizi bila namba ya siri atapata taabu. Lakini akiipata karatasi, basi, kifaa hakihitaji tena. Na mtu yeyote akikupigia simu ati yeye ni fundi wa kampuni, anataka maneno yako "akusaidie", huyo ni mwizi. Fundi wa kweli hayaulizi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kupoteza karatasi ni hatari kuliko kupoteza kifaa?
2. Kuna ubaya gani kuyapiga picha maneno kwa simu?
3. Katika nyumba yako, ni mahali gani karatasi inaweza kukaa miaka 10 bila kuharibika?
4. Mwenye fedha hizi akifariki leo, mkewe au mumewe atafanyaje?